Kitufe cha Kuzima Kisifichwe

Mtu wa pwani akitajiwa Embu siku hizi, la kwanza kumjia akilini ni muguka na zogo la mwaka 2024, pale kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku jani hilo na wakulima wa Embu wakaja juu. Akitajiwa Meru, atataja miraa. Leo, ndugu msomaji, nakuomba tuyaweke majani kando. Nimerudi majuzi kutoka huko bara, na nililorudi nalo ni jambo dogo la kompyuta ambalo, kila nikiligeuza huku na huku, naliona si dogo hata kidogo.

Nilikuwa mgeni wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye amekaa Embu mjini miaka mingi na amefungua kijiduka cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kujazia watu fomu za serikali. Kompyuta yake ya maana ni moja tu, aliyoinunua mkono wa pili kwa kijana mmoja wa Meru. Ndani yake hamna Windows. Mna Linux, mfumo ule wa bure ambao mwanafunzi mmoja wa Finland, Linus Torvalds, aliuanzisha mwaka 1991 na ambao leo una jamaa wengi wenye majina mbalimbali. Mmoja wa jamaa hao ni Ubuntu, uliotolewa kwanza Oktoba 2004, na jina lake wala halihitaji mkalimani kwetu. Mtu wetu ndiye muntu wa Meru na mundu wa Embu, na huo ubuntu ndio utu.

Jioni moja, baada ya kusali magharibi, mpwa wangu akataka kufunga duka. Akapeleka kipanya pembeni mwa kiwambo, akabonyeza, orodha ikateremka. Pana pa kupunguza sauti, pana pa kuunga mtandao, pana pa kuongeza mwangaza. Pa kuzima hapana. Nikamwona anainama kuelekea ukutani kwenye soketi.

“Ngoja, mwanangu, wataka kufanya nini?” nikamwuliza.

“Mjomba, hii haina kuzima. Mimi huing’oa tu.”

Nikamshika mkono. Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha, akanihadithia. Mwezi uliopita msichana mmoja wa chuo alimletea kazi yake ya utafiti aichape, kurasa zaidi ya thelathini. Usiku mpwa wangu akamaliza ukurasa wa mwisho, akahifadhi, na papo hapo akang’oa waya kama ada yake. Asubuhi faili halikufunguka. Msichana alikuwa akitakiwa kuikabidhi kazi siku ile ile. Fedha zake alirudishiwa zote, lakini siku haikurudi, na yule msichana hajakanyaga tena dukani.

“Nikadhani kompyuta mbovu,” akasema mpwa wangu. “Kwani kama ingekuwa nzima, si ingekuwa na pa kuzimia?”

KUZIMA NA KUZIMIKA

Hebu tuitazame lugha yetu, maana imeyajua haya kabla ya kompyuta kuzaliwa. Kuzima ni kitendo cha mtu: ameizima taa, ameuzima moto. Kuzimika ni jambo linalokipata kitu chenyewe bila ya kuulizwa. Na kuzimia ni kuanguka ukapoteza fahamu. Mitendo hii imetoka katika shina moja, lakini hakuna Mswahili atakayechanganya kulala na kuzimia.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Ukiizima kwa njia yake, hufanya mambo kwa zamu. Huziambia programu zijifunge, huandika kwenye diski yale iliyokuwa imeyashika kichwani, hufunga mafaili, na mwisho kabisa ndipo hukata umeme. Lazima ijulikane kwamba mashine hii haiandiki kila neno diskini papo kwa papo. Huyaweka maneno katika kumbukumbu yake ya muda kwa sekunde kadhaa, pengine hata nusu dakika, kwa kuwa kuandika kwa mafungu ni wepesi zaidi. Mifumo ya Linux ya leo ina daftari maalumu diskini la kuzuia hesabu za mafaili zisivurugike umeme ukikatika ghafla. Daftari hilo lina faida kubwa, ila haliwezi kuokoa maneno ambayo hayajafika diskini. Ukurasa wa mwisho wa yule msichana bila shaka ulikuwa bado njiani.

Na Embu, wasomaji wangu, ni mahali pa kuyajua haya kuliko pengine popote Kenya. Mto Tana, huu huu unaomwaga maji yake baharini kule Kipini, umejengewa mabwawa matano ya umeme katika mipaka ya Embu na jirani zake: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Taa nyingi za Mombasa na Malindi zimewaka kwa maji yaliyopita hapo. Lakini hata penye chanzo cha umeme, watu husema kila mara, “Stima imepotea.”

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaanguka juu ya transfoma. Ilikuwa yapata saa tano na nusu asubuhi. Transfoma ikajikata, mitambo mingine ya kituo ikazidiwa na mzigo, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alitoka salama, akakabidhiwa watu wa wanyamapori. Tena usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 giza likaifunika karibu Kenya yote, na sehemu nyingi zikangoja hadi siku ya pili.

Tumbili hana ilimu ya kompyuta, wala hatumlaumu. Lakini mtu mwenye akili zake, na umeme upo, ya nini afanye kazi ya tumbili kila jioni? Mpwa wangu hakuifanya kwa ujinga wala kwa uvivu. Aliifanya kwa sababu kuna mtu aliyeondoa njia iliyo sawa asimwachie hata neno moja la kumwelekeza.

MLANGO ULIKUWAPO

Mimi si fundi. Nilikuwa karani, nimestaafu, na hiki kidogo cha Linux nilifunzwa na vijana wangu nyumbani. Nikamwambia anipishe kitini. Nikafungua lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika maneno mawili tu: systemctl poweroff. Nikabonyeza. Mashine ikajikusanya, ikafunga vitu vyake kimoja kimoja, ikanyamaza.

Mpwa wangu akashika kichwa. “Kumbe ilikuwa inaweza?”

Naam, ilikuwa inaweza siku zote. Mlango haukuwa umefungwa, ulifunikwa pazia. Na hapa ndipo nilipoanza kukasirika kidogo, maana yeye kwa mwaka mzima alidhani ameuziwa mashine mbovu, ilhali mashine ilikuwa nzima.

Tukampigia simu yule kijana wa Meru. Kijana mwenye adabu, akatuamkia, akatusikiliza, akacheka kwa haya. Alieleza kwamba kompyuta ile ilikuwa zamani katika chumba cha kufunzia watoto wa skuli. Msimamizi alikuwa ameondoa pa kuzimia ili mtoto mtundu asije akazima katikati ya somo. Katika ile sura ya kazi iitwayo GNOME, ipo kanuni yenye jina disable-log-out. Ikiwashwa, mtumiaji haoni pa kutokea wala pa kuzimia. Mashine ikauzwa, kanuni ikabaki. Alitupa neno la siri la msimamizi, akatuongoza hatua kwa hatua, tukaiondoa. Tulipowasha tena, pa kuzimia pakawapo, kama kwamba hapakuwahi kuondoka.

Kwa faida ya msomaji mwenye shida kama hii, nieleze kwa ufupi niliyojifunza, maana sababu si moja.

Ya kwanza ni hiyo ya kanuni ya msimamizi. Dalili yake ni kwamba amri ya kuandika inafanya kazi ilhali orodha haionyeshi kitu.

Ya pili ni bawabu. Linux ina bawabu wa ndani, jina lake polkit, anayeamua nani aruhusiwe nini. Kwa kawaida aliyeketi mbele ya mashine huruhusiwa kuzima bila ya swali, na aliyeingia kutoka mbali kwa njia ya mtandao hutakiwa neno la siri la msimamizi. Ikiwa umeingia kwa njia isiyo ya kawaida, bawabu anaweza kukuhesabu mgeni wa mbali hata kama umekikalia kiti chenyewe, na baadhi ya sura za kazi hapo hukuficha kitufe. Andika loginctl uone mashine imekuandika kuwa nani.

Ya tatu ni kuwa kuna mtu mwingine bado yumo ndani, labda aliondoka bila ya kujitoa. Mashine haitaki kumzimia kazi yake. Ukiizima kwa amri ya maandishi, yenyewe hukutajia jina la huyo aliyebaki.

Ya nne ni kitufe chenyewe cha mwili wa kompyuta. Kukibonyeza mara moja ni kubisha hodi: mashine hulala au hujizima kwa utaratibu, kwa kadiri ilivyopangwa. Kukishikilia sekunde nne tano ni kuvunja mlango, na hakuna tofauti na kung’oa waya. Hiyo iwe njia ya mwisho kabisa, mashine ikiwa imeganda.

WALIOFICHA NI WENGI

Asidhani mtu kwamba haya ni ya skuli moja tu. Mwaka 2011, mwezi wa Aprili, watengenezaji wa GNOME walitoa toleo lao la 3.0, na wao wenyewe, kwa hiari yao, wakakiondoa kitufe cha kuzima machoni. Katika orodha mlionekana kulazwa tu. Kuzima kulikuwapo, lakini ilimpasa mtu ashikilie kitufe cha Alt kwenye kibodi ndipo neno “lala” ligeuke kuwa “zima”. Nani angelijua hilo bila ya kuambiwa? Hoja yao ilikuwa kwamba watu wa sasa wana kompyuta za mapajani, wanafunika kifuniko mashine inalala, hawana haja ya kuzima.

Hoja hiyo ni nzuri kwa aliyekaa mahali ambapo umeme haupotei. Mashine iliyolazwa haikuzimwa. Kila ilichokuwa nacho bado kimo katika kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na betri, ukiilaza jioni na stima ikapotea usiku, asubuhi imesahau yote. Na ile yenye betri, ikiwa nyumba inategemea jua na chaji ni ya kubana, hunywa kidogo kidogo usiku kucha. Mwenye duka Embu, mwalimu wa Tharaka, karani wa madrasa kule Isiolo, hao wote hawakuwa katika fikira za aliyekata shauri lile.

Nisiwadhulumu, lakini. Watu walilalamika, tena kwa sauti, na mnamo Septemba 2012, katika toleo la 3.6, neno la kuzima likarudishwa mahali pake. Hiyo ndiyo sifa ya programu hizi za wazi: shauri likiwa baya, unaweza kulipinga, na hata kulibadili kwa mkono wako ukijua kazi. Mashirika makubwa ya biashara hayamsikilizi mtu wa pembeni kwa wepesi namna hiyo.

AKATAAYE NA AJIBU

Sasa niseme nionavyo mimi. Sisemi kwamba kila mtu aruhusiwe kuzima kila mashine, la hasha. Yapo majumba ya kusomea ambapo kompyuta moja kubwa huhudumia viwambo ishirini. Mtoto mmoja akiizima, wenzake kumi na tisa wanaachwa gizani. Zipo mashine za hospitali na za benki ambazo hazifai kuzimwa na apitaye. Msimamizi ana haki ya kukataza, na mara nyingine ni wajibu wake.

Ninalolipinga ni kukataza kwa kimya. Sisi wa pwani tumelelewa na hodi. Ukifika nyumba ya watu unabisha mara tatu, na usipoitikiwa unarudi zako bila ya kinyongo. Lakini angalau mlango unauona. Wajua hii ni nyumba, wajua ina mwenyewe, na kesho wajua pa kurudi. Aliyeondoa mlango akaacha ukuta mtupu hakukukataza kuingia. Amekufanya uamini kwamba hakuna nyumba. Na mtu akiamini hakuna mlango, atapita dirishani, na vioo vitavunjika. Mpwa wangu alivunja kioo kila jioni kwa mwaka mzima, na aliyekatwa na vigae vyake ni msichana wa watu.

Hata huko Meru mambo si hivyo. Wazee wa Njuri Ncheke, ambao ndio waliotoa ardhi ya Nchiru panaposimama leo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, wana mamlaka makubwa na siri zao ni nyingi. Lakini aliyehukumiwa hujua ni baraza gani lililomhukumu. Kompyuta ya mpwa wangu ilimhukumu bila ya baraza.

Wako watakaosema, “Ukikionyesha kitufe halafu ukakikataa, mtumiaji ataudhika zaidi.” Mimi nasema audhike, maadamu ajue. Kitufe na kibaki mahali pake, kikiwa kimefifia, na mtu akikigusa apewe jawabu la sentensi moja: mashine hii haizimwi kutoka hapa, muulize msimamizi. Au: kuna mtu bado anafanya kazi, akitoka utaweza kuzima. Hayo hayagharimu kitu. Mashine tayari inajua sababu, kwani tumeona kwamba ukiiuliza kwa amri ya maandishi hutaja hata jina la aliyebaki ndani. Anayejua kuandika amri apewe jawabu, na asiyejua anyimwe? Huko ni kumpa aliyeshiba na kumpita mwenye njaa.

Na wanaouza mashine za mkono wa pili, ambazo zimejaa kutoka Mombasa hadi Maua, nao wana dhima. Kuuza kompyuta na kubaki na kanuni zako ndani yake ni kama kumwuzia mtu nyumba ukasahau kumpa ufunguo wa chumba kimoja. Kabla ya kupokea fedha, wafute na kupanga mfumo upya, na wamkabidhi mnunuzi neno la siri la msimamizi. Mnunuzi naye, kabla hajatoa fedha, aiwashe mbele yao na aizime mbele yao.

NA KISWAHILI JE?

Jambo la mwisho. Orodha ile ya mpwa wangu ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Si kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba maneno yapo. Kilichopungua ni watu wa kuiendeleza mwaka baada ya mwaka, maana programu hubadilika kila miezi michache na tafsiri isiyofuatwa huzeeka upesi.

Nami nina maoni yangu katika hilo pia. Pa kuzimia paandikwe “Zima”, wala pasiandikwe “Funga”, kwa kuwa kufunga ni kwa dirisha na kwa kiwambo. Pa kulazia paandikwe “Laza”, ili mtu ajue kwamba kilicholala bado kina roho na bado kinakula umeme. Wanafunzi wetu wa vyuo vya pwani, na wa Embu na Meru, wanaweza kuyafanya haya kwa jioni chache, kwani mlango wa kazi hizo uko wazi kwa kila mwenye kutaka.

Siku ya kuondoka, mpwa wangu alinisindikiza kituoni. Alikuwa amefunga duka mapema. Nikamwuliza, “Umeizima?”

“Nimeizima, mjomba,” akasema. “Na ni nzima.”

Kisha akaniambia amempelekea yule msichana ujumbe, kwamba akiwa na kazi nyingine atachapiwa bila ya malipo. Mpaka basi linaondoka, alikuwa hajajibiwa.